Majirani Hawakuulizwa

Watu waliokuwa wakipeleka maombi ya ardhi pale ofisi za jiji walimwita Mama Njoo Kesho, na yeye alilijua jina hilo. Alilisikia kwa mara ya kwanza akiwa chooni. Wanawake wawili walikuwa wananawa mikono nje ya mlango, mmoja akimwambia mwenzake kwamba wamepangiwa yule Mama Njoo Kesho, basi wasahau kujenga mwaka huu. Alibaki ndani mpaka nyayo zao zilipopotea. Hakukasirika. Alichoka tu, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa wenzake kisha akasemwa kwa jinsi anavyoubeba.

Alikuwa afisa mipango miji, mjane, mama wa watoto wawili ambao walishaondoka nyumbani kila mmoja na maisha yake. Kazi yake ilikuwa kupokea maombi ya wanaotaka kubadili matumizi ya viwanja vyao: nyumba ya kuishi igeuke zahanati, ghala ligeuke shule, uani pageuke vyumba vya kupangisha. Wengi walidhani yeye ndiye anayekataa, kumbe yeye alikuwa mlango tu. Faili likitoka kwake lilikwenda kwa wapima, likaenda afya, zimamoto, barabara na maji. Lilirudi, likapelekwa mtaani ambako kiongozi wa mtaa alitakiwa kuitisha kikao cha majirani, kisha likasubiri kamati ya madiwani, ambayo ilikutana pale ilipojisikia. Kwenye kila meza lililala. Likikosa karatasi moja, lilianza safari upya. Kuna mzee alifariki faili lake likiwa idara ya barabara, na mwanawe alipokuja kulifuatilia akaambiwa aombe upya kwa jina lake mwenyewe.

Ndipo akaja mkurugenzi mpya, mtu wa hatua ndefu ambaye hata chakula cha mchana alikila amesimama. Katika kikao chake cha kwanza aliuliza ni nani anayejua hasa mafaili yanakwama wapi. Wenzake wakatazama meza. Yeye, kwa uchovu zaidi kuliko ushujaa, akaeleza. Alipomaliza, mkurugenzi akasema vizuri sana, basi wewe ndiye utakayeyakwamua. Mpima mkongwe aliyeketi pembeni yake akamnong'oneza kwamba siku nyingine akijisikia kusema, anywe maji kwanza.

Kazi hiyo ilimla miaka miwili. Aliziketisha idara zote kwenye meza moja kila Jumanne, ili faili lisitembee tena bali watu ndio walifuate. Aliyatenga maombi madogo yaishie kwa maafisa, yasisubiri madiwani. Fomu zilizouliza jambo lile lile mara tatu alizifuta. Mwishoni akabaki na donda ndugu lenyewe, kikao cha majirani. Hapo ndipo maombi yalipooza. Kiongozi wa mtaa hakuitisha kikao mpaka mwombaji amwone kwanza, na kumwona kulikuwa na maana yake. Kikao kikikaa, majirani nao walileta yao ya zamani. Mama mmoja alipinga shule ya watoto wadogo isifunguliwe kwa sababu mwenye kiwanja aliwahi kumnyima ngazi ya kupandia paani. Shule ile ilichelewa mpaka watoto waliokusudiwa wakahitimu kwingine.

Kwa hiyo aliandika kwamba maduka madogo na karakana ndogo hazitahitaji tena kikao. Tangazo litabandikwa kwenye ubao wa ofisi kwa wiki moja, na asipotokea mtu wa kupinga, kibali kitoke. Siku ya kulipitisha pendekezo hilo, yule mpima mkongwe aliuliza majirani watajuaje. Akajibu kwamba tangazo litakuwa ubaoni. Mzee akauliza tena ni nani anayefunga safari kuja kusoma ubao.

"Mwenye nia atakuja," alimjibu. Watu wakacheka kidogo, wakaendelea na ajenda iliyofuata.

Mpango ulifanya kazi. Vibali vilivyokuwa vikichukua miaka vilianza kutoka kwa wiki chache. Wageni kutoka miji mingine walikuja kujifunza, wakapigwa picha kando ya ile meza ya Jumanne, na mkurugenzi akapewa ngao ya kioo ambayo aliiweka juu ya kabati. Yeye alipigiwa makofi, kisha akaongezewa mafaili, maana waliokuwa wamekata tamaa miaka yote sasa walifufuka na kumiminika. Alitia saini akiwa amekaa, akatia saini akiwa amesimama, akatia saini huku amebana simu kati ya sikio na bega. Mbele yake havikuwa viwanja tena, zilikuwa namba. Jioni alifika nyumbani akavua viatu mlangoni, na mara nyingine alilala kwenye kochi na nguo za kazi mwilini.

Kilichokufa katika pilika hizo ni Jumamosi zake. Alikuwa na dada mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada huyo alimsuka, akamfunga kamba za viatu, akamsomesha kwa mshahara wa uuguzi. Sasa alikuwa amestaafu na kumuuguza mumewe, ambaye kiharusi kilimwangusha upande mmoja na kumwachia maneno machache yasiyoeleweka. Shemeji huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mtu aliyezoea kuona nchi ikipita dirishani sasa alikuwa na dirisha moja tu. Mkewe alikiweka kitanda chake chumba cha mbele, kinachotazama njia, aone watu wakipita. Kila Jumamosi mdogo mtu alikuwa akienda kusaidia kumwogesha, kwa kuwa kumgeuza mwanamume mzima kunataka mikono minne. Tangu mafaili yazidi alikuwa akituma salamu na ahadi.

Alhamisi moja, akiwa kazini, dada alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mdogo wangu, ukipata nafasi upite. Kuna jambo nataka ulione kwa macho yako."

Nyuma ya maneno hayo alisikia mlio mkali, kama bati linalochanwa, ukipanda na kushuka. Aliuliza ni nini. Dada akasema ndiyo hiyo hiyo, njoo.

Alikwenda jioni hiyo hiyo. Njia aliyoizoea kuwa kimya aliikuta imejaa mlio ule hata kabla hajaifikia nyumba. Kiwanja cha jirani, palipokuwa na nyumba ya marehemu mmoja iliyokaa bila mtu kwa muda mrefu, sasa kilikuwa na banda la mabati lililoegemea ukuta wa dada yake. Chini ya banda hilo msumeno wa umeme na mashine ya randa vilikuwa vikipokezana. Vitanda na makabati yasiyopakwa rangi yalipangwa mpaka njiani.

Ndani, dirisha la chumba cha mbele lilikuwa limefungwa, na matambara yamesokotwa kwenye nyufa zake. Joto lilikuwa la kukaba roho. Hata hivyo unga wa mbao ulikuwa umeingia. Ulikuwa juu ya stuli, kwenye mikunjo ya shuka, na juu ya kisahani kilichofunika kikombe cha mgonjwa. Shemeji alikuwa amegeukia ukutani. Kila msumeno ulipoanza, mkono wake uliobaki mzima ulikamata chuma cha kitanda, na uliponyamaza, ukaachia.

Dada yake alimshika mkono akampeleka nje mpaka kwenye lango la karakana. Kibali kilikuwa kimebandikwa hapo ndani ya mfuko wa nailoni kisiloe. Kutoka makazi kwenda karakana ndogo. Namba ya kiwanja, tarehe, muhuri, na chini yake saini.

"Nilifikiri kuna mtu ameighushi," dada alisema. "Kisha nikasema hapana. Hiyo m yenye mkia ni yako, nilikufundisha mwenyewe kuiandika."

"Dada, sikujua ni hapa. Kwetu inakuja namba tu."

"Namba."

"Na kulikuwa na tangazo ubaoni, ofisini. Wiki nzima."

"Mimi naondoka hapa saa ngapi kuja kusoma ubao wenu?" Dada hakupandisha sauti. "Nani ananigeuzia huyu nikiwa njiani? Zamani walikuja kutuuliza, hata kama walikuja kunywa soda zetu tu. Safari hii nimeamka nikakuta watu wanachimbia nguzo."

Alisimama anasoma saini yake mwenyewe kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Alijaribu kuikumbuka siku ile, na kilichomuumiza ni kwamba hapakuwa na cha kukumbuka. Ilikuwa siku kama siku nyingine.

Hapo ndipo fundi seremala mwenyewe alipotoka, akijifuta mikono kwenye suruali, mwanamume mfupi mwenye nyusi zilizopauka kwa vumbi. Alimtazama mara moja, uso ukamchanua. Aliwaita vijana wake wazime mashine, akawaambia huyu ndiye yule mama. Kisha akaeleza, bila kuombwa, jinsi alivyohangaika na ombi lake miaka chungu nzima chini ya utaratibu wa zamani. Miaka hiyo alifanyia kazi kando ya barabara chini ya turubai, askari wa jiji wakija wanambebea vifaa, anavikomboa, wanakuja tena. Mkewe alimwambia aachane na useremala. Kisha utaratibu ukabadilika, na kibali kikatoka kabla hajamaliza hata kutafuta mabati.

"Mama, mimi nakuombea kila siku," alisema, akamsogezea kigoda kipya kisichopigwa msasa.

Dada yake alikuwa amesimama pale pale anasikia yote. Afadhali wangemtukana. Alikikalia kile kigoda, akamshukuru fundi kwa sauti ndogo. Walipogeuka kurudi, dada akaanza kusema kikulacho, akaishia hapo hapo, akafungua mlango.

Kesho yake alimweleza mkurugenzi. Mkurugenzi alisikiliza huku anasoma kitu kingine, na bila kuinua kichwa akatoa ushauri.

"Tuma mkaguzi. Karakana haikosi kosa."

Ilikuwa kweli. Mtungi wa kuzimia moto, upana wa mlango, nyaya zinazoning'inia. Akitaka, banda lile lingefungwa kabla ya wiki kwisha, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini. Alirudi mezani kwake akaiandika barua ya ukaguzi. Mchana kutwa barua ilikaa mbele yake bila saini. Aliuona mkono wa shemeji ukikamata chuma. Akamwona na fundi chini ya turubai, anakusanya misumari iliyomwagika wakati askari wanapakia. Tusimpambe mwenzetu, alikuwa pia anaogopa. Watu wangesema sheria zake ni kali mpaka zinapogusa ukoo wake, na wangekuwa na haki ya kusema. Jioni aliikunja ile barua akaitia mkobani, na nyumbani akaitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya vitunguu. Kisha akakaa jikoni muda mrefu bila kupika alichokuwa amekatia vitunguu hivyo.

Jumamosi hiyo alikwenda. Baada ya kumwogesha mgonjwa alimwomba dada waende pamoja kwa fundi. Mazungumzo hayakuwa mazuri. Dada alisema wazi kwamba angependa karakana iondoke. Fundi akauliza kwa heshima aende nayo wapi, na hakuna kati ya wale dada wawili aliyekuwa na mahali pa kumtajia. Wakaanza kushuka kidogo kidogo. Ahamishie randa upande wa mbali, akasema randa inawezekana, lakini msumeno hauhami, nguzo zake zimeshamiminiwa zege. Apandishe ukuta, akasema ataupandisha akipata matofali. Azime mashine alasiri, siku za mapumziko asiwashe kabisa. Alikubali, akaongeza kwamba isipokuwa kukiwa na kazi ya haraka.

Ndipo dada akamwambia aje ndani amwone mgonjwa. Fundi alivua viatu mlangoni, akasimama kando ya kitanda ameshika kofia. Shemeji alimtazama, akatamka kitu kizito kilichogongana mdomoni. Fundi akauliza amesema nini.

"Anasema mkanda wa mashine yako umelegea," dada akatafsiri. "Alikuwa dereva huyu. Anasikia mashine."

Fundi akacheka, kisha akaona kwamba wengine hawacheki. Siku ya pili aliukaza ule mkanda, na kelele ikapungua. Ikapungua kidogo. Randa nayo ilihama kweli. Ukuta ulifika kiunoni ukakomea hapo, na kazi za haraka zikawa nyingi kuliko walivyodhani.

Ofisini aliandika waraka mwingine, safari hii wa kurudisha alichokiondoa. Hakutaka kikao kirudi, alikijua kilivyooza. Alitaka majirani wanaopakana na kiwanja wafuatwe, kwa mguu au kwa simu, waelezwe kinachokuja na wapewe wiki moja ya kujibu. Mkurugenzi alimwita akiwa ameushika waraka kwa ncha za vidole.

"Unataka kunirudisha nyuma?"

"Nataka watu waulizwe."

"Waulizwe halafu wakatae wote?"

"Wakikataa bila sababu tutapitisha. Lakini wawe wameulizwa."

Mkurugenzi alimkumbusha kwamba taarifa ya mafanikio ilishapelekwa wizarani, na kwamba mtu hachimbui msingi wa nyumba aliyokwisha kuifungulia sherehe. Waraka ukaingia droo. Ulikaa humo miezi. Kilichoutoa hata hakikuwa yeye. Upande mwingine wa mji ukumbi wa pombe, ulioombewa kama duka dogo, ulipata kibali nyuma ya wodi ya wazazi, na kina mama wakaja ofisini, wengine na vichanga migongoni, wakakaa ngazini wakakataa kuondoka. Siku hiyo mkurugenzi alikumbuka kwamba kuna waraka mahali. Ulipitishwa jioni hiyo hiyo, kwa jina lake mkurugenzi.

Vibali vikaanza kuchelewa tena, si kama zamani, ila vya kutosha watu kunung'unika kwenye foleni. Maafisa waliotumwa kuzunguka mitaani walirudi na viatu vimejaa vumbi na majibu ya kila aina. Wengine waliambiwa wanatapeli, mmoja akafukuzwa na mbwa. Yeye alizisoma ripoti zao moja moja. Lilikuwa jambo dogo lililompa kazi kubwa, na hapakuwa na aliyempigia makofi. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, akaacha kuzipaka rangi.

Kwa dada yake mambo yalikuwa yameshakwenda mbele bila kusubiri waraka. Mgonjwa alihamishiwa chumba cha nyuma, ambacho kelele zilifika humo zimechoka. Dirisha lake lilitazama tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Hakulalamika, au kama alilalamika, mkewe hakutafsiri. Kati ya wale dada wawili salamu zilirudi, na chai ilirudi, lakini kulikuwa na mambo ambayo dada mkubwa hakuyaleta tena kwa mdogo wake kama zamani. Alikuwa akiyamaliza mwenyewe, kisha anamwambia yakiwa yamepita.

Kwa hiyo alishangaa siku dada alipomuuliza, huku wanakamua taulo, inachukua muda gani kugeuza chumba kiwe duka. Alikuwa amepata fundi cherehani anayetafuta mahali.

"Kile cha mbele?"

"Chumba kimeshakufa, acha kilete chochote. Na cherehani nayo ina kelele zake. Watapigiana kelele wao kwa wao."

Akamweleza utaratibu ulivyo sasa, wapi aanzie na karatasi zipi. Akasita kidogo alipofika kwenye majirani. Akasema lazima waulizwe.

Dada aliacha kukamua. "Kwa hiyo huyu wa misumeno ndiye atakayeniruhusu mimi?"

"Ataulizwa. Hawezi kukuzuia bila sababu."

Dada mkubwa alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kilichoanzia puani, lakini kilikuwa kicheko, na mgonjwa akageuza macho kuona kuna nini. Mdogo mtu naye akacheka, kisha akajikuta anafuta machozi kwa taulo lililolowa, na dada yake akajifanya anatafuta sabuni.

Faili hilo hakuligusa. Alimkabidhi mwenzake wa meza ya pili, akamwambia ni la ndugu yake, na kwamba yeye mwenyewe asielezwe lolote. Aliyemletea habari ni fundi seremala mwenyewe: alikuwa amemjibu afisa aliyemfuata kwamba hana pingamizi kabisa, tena rafu za duka atatengeneza yeye. Kibali kilipotoka, dada hakupiga simu. Alikibandika mlangoni kwa misumari minne, ya kuazima kwa jirani.

Jumamosi iliyofuata mdogo mtu alikwenda mapema. Walimgeuza shemeji, mmoja begani na mwingine kiunoni, wakahesabu pamoja kama walivyozoea, wakambadilisha shuka, wakamkalisha. Upande wa mbele msumeno ulikuwa unafanya kazi yake ya haraka. Alisema atapumzika dakika mbili kabla ya kufua, akaketi kwenye kiti kilichokuwa kati ya kitanda na ukuta. Dada aliporudi na ndoo alimkuta amelala, kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi, na shemeji anamtazama.

Alimwacha alale. Aliyafua mashuka peke yake, akayaanika, kisha akajifuta mikono akaenda mbele kumfungulia fundi cherehani, aliyekuwa amekuja kupima chumba.